Kamera ya Mwalimu: Ichaguliwe na Somo, Si na Duka

Mwanachuo anayetaka ushauri juu ya kununua kamera ya kidijitali aghalabu hupewa jibu la hesabu: hii ina megapikseli 12, ile ina 20, basi twaa ile ya 20. Ni jibu jepesi, na ubaya wake ni kwamba limetolewa kabla mtu yeyote hajauliza kamera hiyo itafanya kazi gani. Mwalimu anayetayarisha zana nyingine yoyote, iwe kadi za silabi, iwe mfano wa moyo uliofinyangwa kwa udongo, huanza na lengo mahsusi la somo, ndipo atafute vifaa. Sioni sababu ya kuiacha kamera nje ya kanuni hiyo. Tena bei yake yaweza kupita bei ya zana nyingine zote ambazo mwalimu mpya atazinunua kwa fedha yake mwenyewe, kwa hiyo kanuni inahitajika hapa kuliko penginepo.

Nachukua mfano wa Ihumwa, kata iliyo mashariki ya jiji la Dodoma kandokando ya barabara ya kwenda Morogoro. Sababu ni mbili. Kwanza, mahali hapo pana karibu kila taabu inayoweza kuipata kamera katika nyanda za kati: vumbi, jua kali, vyumba vya madarasa vyenye mwanga wa dirisha tu, na nyakati ndefu za ukame ambapo nchi yote hubadilika rangi. Pili, Ihumwa ni mahali panapogeuka mbele ya macho ya watoto. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Mji wa Serikali ulizinduliwa jirani, huko Mtumba, mwezi Aprili 2019. Mtoto anayeanza Darasa la Kwanza leo hataikuta njia ile ile ya kwenda shuleni atakapomaliza. Mwalimu wa mahali kama hapo ana sababu ya haki ya kutaka kamera, na kwa sababu hiyo hiyo yampasa achague kwa makini.

Niseme mapema kwamba yako masomo yasiyohitaji kamera hata kidogo. Ikiwa mtama umo shambani nyuma ya darasa, watoto na watoke wakautazame mtama. Kuupiga picha na kuwarudishia ndani ni kuwanyima harufu yake, uzito wa suke mkononi na wadudu waliomo. Hali kadhalika yako mambo ambayo mchoro wa ubaoni huyaeleza kuliko picha yoyote. Mchoro wa mbegu ya haragwe iliyopasuliwa huonyesha kiinitete na ghala la chakula, na huacha yasiyohitajika. Picha haijui kuacha; huonyesha kila kitu, hata kucha za aliyeishika mbegu. Mwalimu asiyeweza kuchora mbegu ubaoni hatasaidiwa na kamera ya bei yoyote.

Kamera inastahili mahali pake pale ambapo kitu kiko mbali, au ni kidogo mno, au hupita upesi mno, au hubadilika polepole mno hata jicho lisione. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kwetu, nami nitalirudia baadaye.

Sasa tuziangalie hizo megapikseli ambazo wauzaji huzipigia ngoma. Pikseli ni nukta moja ya picha; megapikseli ni nukta milioni moja. Picha ya kawaida ya studio, ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa usafi wa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli mbili na ushei. Karatasi nzima ya A4 kwa usafi huo huo huhitaji kiasi cha megapikseli 9. Projekta nyingi za zamani huonyesha nukta 1,024 kwa 768, ambazo hazitimii hata megapikseli moja. Na hata zile zinazoitwa za picha safi kabisa, zenye nukta 1,920 kwa 1,080, huonyesha megapikseli mbili tu. Kamera yenye megapikseli 20 ikiunganishwa na projekta hiyo, nukta 18 katika kila 20 hazifiki ukutani.

Tena tufikirie mtoto aliyekaa dawati la nyuma. Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa mita 6, haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko kiasi cha milimita moja na robo tatu. Picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 60 kwa hiyo haimnufaishi mtoto huyo kwa zaidi ya nukta 350 hivi kwa upana. Aliye mstari wa mbele, mita 2 kutoka ukutani, ataona mara tatu ya hizo, yaani kama nukta 1,000. Basi kinachomzuia mtoto wa nyuma asione si uchache wa megapikseli. Ni kwamba kitu chenyewe kimepigwa kikiwa kidogo katikati ya picha, kimezungukwa na vitu visivyohusika. Dawa yake ni kusogea karibu, na miguu ya mwalimu haiuzwi dukani. Kamera yoyote iliyotengenezwa katika miaka 15 iliyopita ina megapikseli za kutosha kwa kazi ya shule ya msingi, na suala hilo lingefaa kufungwa hapo.

Kuna jambo jingine la uchapaji ambalo wengi hulisahau. Picha nyingi za shuleni hazichapwi kwa rangi. Huishia katika mashine ya kunakilia, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya zoezi au ya mtihani. Huko picha nzuri ya mbuzi mweusi mbele ya kichaka hugeuka kuwa masizi. Kamera haiwezi kuliponya hilo. Mpigaji ndiye anayeweza, kwa kumtoa mbuzi mbele ya ukuta mweupe. Nasisitiza hili kwa kuwa fedha nyingi hutumika kununua dawa ya maradhi yasiyotibika kwa fedha.

Lililo muhimu kuliko megapikseli ni kihisi, kile kipande kidogo kilichomo ndani kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Eneo lake ndilo linaloamua kamera itaweza nini katika chumba chenye giza. Kihisi cha kamera nyingi ndogo za mfukoni kina kama milimita 6 kwa milimita 4 na nusu. Eneo lake ni milimita za mraba 28. Kihisi cha kamera kubwa za kubadilisha lenzi, zile wanazobeba wapiga picha wa harusi, aghalabu kina milimita 24 kwa 16 hivi, yaani eneo mara 13. Kati ya hizo mbili kuna kamera za mfukoni zenye kihisi cha milimita 13 kwa 9 hivi, eneo mara 4 ya zile ndogo. Panapokuwa na mwanga hafifu, tofauti hii huonekana wazi: picha ya kihisi kidogo hujaa chembechembe kama uji wa uwele usiochekechwa unga wake.

Je, mwalimu anunue yenye kihisi kikubwa kuliko vyote? La. Kihisi kidogo kina faida yake ambayo ni nadra kutajwa. Unapopiga picha ya kitu kidogo kwa karibu sana, mathalani mchwa, au mbegu ya alizeti inayochipua, kamera yenye kihisi kikubwa huonyesha vizuri sehemu nyembamba tu ya kitu hicho, na mbele na nyuma yake pakawa ukungu. Kamera yenye kihisi kidogo huonyesha mbegu nzima. Zaidi ya hayo, kamera nyingi ndogo huweza kusogezwa hadi sentimita chache kutoka kwenye kitu, bila ya kununuliwa lenzi ya pekee. Kwa mwalimu wa Sayansi faida hii ni kubwa kuliko hasara ya giza, kwa maana mbegu yaweza kupelekwa dirishani, na ikipelekwa huko giza limekwisha.

Lenzi nayo itazamwe kwa swali la somo. Ndani ya darasa la watoto 45 au zaidi, mwalimu huegemea ukuta wa mbele na bado hawezi kuwaingiza wote katika picha. Hapo anahitaji lenzi pana. Kwa vipimo vinavyoandikwa katika maelezo ya kamera, lenzi ya milimita 35 ikiwa mita 6 kutoka kwa watoto huchukua upana wa mita 6 na kidogo; ya milimita 28 huchukua mita 7 na robo tatu; ya milimita 24 huchukua mita 9. Namba ndogo ndiyo pana, na ndiyo ya kuulizia. Muuzaji atapenda kukuonyesha upande wa pili, wa kuvuta vitu vya mbali karibu. Uvutaji huo nao una aina mbili. Uvutaji wa lenzi ni wa kweli. Uvutaji wa kidijitali ni kukata tu kipande cha katikati na kukikuza: ukivuta mara mbili, picha ya megapikseli 12 imebaki na 3, ukivuta mara nne, haijabaki hata na moja. Kazi hiyo waweza kuifanya baadaye kwa mkasi.

Nafika sasa kwenye vumbi, adui mkubwa wa kamera katika nyanda za kati. Kuanzia Juni hadi Novemba ardhi ya Dodoma haipati mvua ya maana, upepo huvuma, na magari ya ujenzi hayalali. Kamera ya kubadilisha lenzi ikifunguliwa nje katika hali hiyo, vumbi huingia na kukaa juu ya kihisi, na kila picha itakayofuata itakuwa na doa mahali pale pale angani. Kamera ya mfukoni ambayo lenzi yake hutoka nje na kurudi ndani kila inapowashwa nayo huvuta vumbi kama kiko, mpaka siku moja mkwara unapoingia katika meno yake na lenzi ikakwama nusu ya njia. Kamera inayofaa hapa, ajabu ilioje, ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wazamiao baharini. Imezibwa kila upande ili maji yasiingie, na lenzi yake husogea ndani kwa ndani bila kutokeza. Isipoingiwa na maji ya bahari haitaingiwa na vumbi la Ihumwa. Inastahimili pia kuanguka sakafuni, na hilo lina maana zaidi kuliko linavyoonekana.

Maana yake ni hii. Nashikilia kwamba kamera ya shule ipimwe kwanza kwa swali moja: mwalimu ataweza kumkabidhi mtoto wa Darasa la Tano bila moyo kumdunda? Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituachia fundisho kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, na kwamba chombo cha kazi hakiwi cha mwalimu peke yake. Kamera ya gharama kubwa, iliyofungwa kabatini na kutolewa siku ya mahafali tu, si zana ya kufundishia. Ni pambo la ofisi. Kamera ya bei ya wastani, yenye kamba ya kuvaa shingoni na kitufe kikubwa, ambayo kundi la watoto watano laweza kwenda nayo kisimani na kurudi na picha kumi za matumizi ya maji, hiyo imefanya kazi. Watoto hao watalazimika kubishana kipi kipigwe na kipi kiachwe. Watapanga picha zao, wataandika sentensi chini ya kila moja, watasahihishana. Hapo mna Kiswahili, mna maarifa ya mazingira, mna na uraia. Wenzangu wengine husema watoto wataivunja. Yawezekana. Watoto huvunja madawati pia, na hatujawahi kuwakalisha chini kwa sababu hiyo.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ile ya simu. Kwa nini mwalimu anunue kamera na hali simu yake inapiga picha? Tena baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu, navyo vina kamera. Swali hili ni la haki, na jibu langu si la kuchekesha wauza kamera: ikiwa shule yako ina kishikwambi kinachofanya kazi, na haja yako ni kuonyesha picha za hapa na pale, usinunue kitu. Tunza fedha yako. Dunia nzima imefuata njia hiyo. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kiasi cha kamera za kidijitali milioni 121, na mwaka 2023 havikufika milioni 10. Simu ndizo zilizozila.

Lakini simu ya mwalimu ina kasoro ambayo haihusu lenzi. Ndani yake mna picha za harusi ya dada yake, ujumbe wa mkopo, na vikundi vya soga. Haiwezi kukabidhiwa mtoto aende nayo kisimani. Na picha ya mtoto ikishaingia katika simu, iko hatua moja tu kutoka kwa watu mia tatu. Mwalimu hupiga picha ya mtoto aliyevaa shati lililochanika kwa nia ya kuomba msaada. Kufikia jioni mtoto huyo amekuwa kichekesho au kihoja mahali ambapo mama yake hatafika kumtetea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inailinda taarifa ya mtu, na taarifa za watoto imezipa ulinzi wa pekee. Hata pasipo sheria, adabu ya kazi yetu inatosha: mzazi aulizwe, mtoto naye aulizwe, na picha isitoke nje ya kazi iliyokusudiwa. Kamera isiyo na mtandao humsaidia mwalimu kutimiza adabu hiyo, kwa sababu picha hukaa ndani ya kadi mpaka mtu aamue. Wauzaji wataihesabu kuwa ni upungufu. Kwa matumizi ya shule mimi naihesabu kuwa ni sifa.

Lipo jambo jingine linalomgusa mtoto, nalo halizungumzwi vya kutosha katika vyuo vyetu: sura yake inavyotoka. Kila mwalimu amekwisha kuona picha ya darasa ambamo mashati meupe yanang'aa na nyuso zote ni giza, macho na meno tu. Watu husema kwa mzaha kwamba tu weusi mno. Si kweli, ni kipimo cha mwanga ndicho kilichokosea. Kamera hupima mwanga wote uliopo mbele yake na kudhani kwamba wastani wake ni rangi ya kijivu. Mbele ya mashati meupe 45 na anga la Dodoma la saa sita mchana, hudhani mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na wanaopunguziwa ni watoto.

Mambo haya yana historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi, zenye sura ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa sahihi, na ngozi nyingine zikatoka zitokavyo. Filamu zilipokuja kurekebishwa ili zionyeshe vivuli vya hudhurungi, miongoni mwa waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vema. Kampuni hiyo hiyo ndiyo ambayo mhandisi wake, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali ya kwanza mwaka 1975, dude la kilo 3 na nusu na zaidi, lililotumia sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti.

Kwa hiyo, mwanachuo, unapochagua kamera, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, iliyo karibu na kidole, siyo iliyofichwa ndani ya orodha ya tatu. Kitufe hicho huiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyokadiria. Kwa watoto waliovaa sare nyeupe, kuongeza hatua moja aghalabu hutosha. Ikiwa unanunua simu badala ya kamera, angalia kwamba ule mpango wa kurembesha nyuso waweza kuzimwa kabisa. Baadhi ya simu humng'arisha mtu ngozi na kumlainisha bila kuulizwa. Picha ya namna hiyo ikibandikwa ukutani, mtoto anafundishwa kila asubuhi kwamba uso wake ulihitaji kusahihishwa. Sijui somo baya kuliko hilo.

Nirudi kwenye vitu vibadilikavyo polepole. Wilayani Kondoa, kaskazini ya Dodoma, mmomonyoko wa ardhi ulikuwa umekata makorongo ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi. Wataalamu walioichunguza ardhi ile walitegemea sana kulinganisha picha za miaka mbalimbali, zikiwamo zilizopigwa kutoka angani. Pasipo picha, ubishi wa nchi ilikuwaje zamani usingekwisha. Shule ya Ihumwa yaweza kufanya jambo la jamii hiyo kwa kiwango chake. Mbuyu mmoja upigwe picha kila mwezi kwa mwaka mzima, ukiwa uchi mwezi Agosti na ukiwa na majani mwezi Januari. Mfereji wa maji ya mvua upigwe kila baada ya masika. Kipande cha barabara kipigwe kila muhula. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na hazina ambayo hakuna kitabu cha kiada kitakachoiuza.

Kazi hii haihitaji kamera kubwa, ila ina masharti yake. Jiwe liwekwe mahali pa kusimamia, saa iwe ile ile, na lenzi iwe katika upana ule ule. Kamera nyingi husahau kipimo cha uvutaji zinapozimwa. Kwa hiyo tumia daima upana wa mwisho kabisa, ambao kamera hurudi wenyewe inapowashwa. Tarehe ya kamera irekebishwe, kwani betri ikikaa nje muda mrefu saa hurudi mwanzo na mbuyu wako utaonekana umepigwa picha kabla shule haijajengwa. Na picha zihamishwe kutoka kwenye kadi kila mwezi na kuwekwa mahali pawili tofauti. Kadi ni ghala dogo, tena huibika.

Kuhusu umeme nitasema machache. Ihumwa u karibu na mji, lakini mwanachuo hajui atapangiwa wapi. Kamera itumiayo betri za kawaida za saizi ya AA, zile za tochi ndogo na redio, hupata chakula chake katika duka lolote la kijiji, ingawa betri za bei rahisi humalizika upesi mno. Afadhali zile za kuchajiwa, seti mbili, moja kazini na moja kwenye chaja. Kamera yenye betri yake ya pekee hudumu zaidi kwa chaji moja, ila betri hiyo ikifa na kiwanda kimeacha kuitengeneza, kamera nzima imekufa. Hili ni la kuangaliwa sana na wanunuao kamera zilizotumika. Na hizo ndizo nyingi siku hizi, kwa vile watu wa nchi tajiri wamehamia kwenye simu. (Neno mtumba, kwa mkazi wa Ihumwa, lina maana mbili, nazungumzia ile ya sokoni.) Sioni aibu yoyote kununua kamera iliyotumika. Kwa fedha ya kamera mpya dhaifu utapata ya zamani yenye lenzi bora.

Ila usiinunue kwa kutazama picha iliyo juu ya boksi. Nenda na kadi yako mwenyewe. Iwashe na kuizima mara kumi, ukisikiliza kama lenzi inakwaruza. Piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu kisha uikuze, uone kama kuna madoa. Piga picha ya mtu mmoja kivulini ndani ya duka bila kuwasha taa ya kamera, na mwingine mlangoni akiwa na jua nyuma yake, utumie kile kitufe cha kujumlisha. Bonyeza kitufe cha kupigia huku mtoto anakimbia barabarani. Ikiwa picha imetoka baada ya mtoto kupita, kamera hiyo haitaweza mchezo wa rede wala ngoma. Uliza betri ya akiba kabla ya kuuliza punguzo la bei. Kisha, ikiwa fedha ni ya shule, dai stakabadhi iliyoandikwa namba ya kamera yenyewe, na namba hiyo iingizwe siku ile ile katika leja ya vifaa, pamoja na jina la mwalimu atakayeitunza.